Doa la Mahameli Nyekundu

9 Februari

Mwanangu Kishikizo,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hapa tu wazima. Shangazi yako anakusalimu. Goti lilimsumbua wiki nzima, akakataa dawa, na sasa kwa kuwa limepoa, anasema limepoa kwa sababu alikataa dawa. Fundi viatu wa jirani amepaka kibanda chake rangi ya chungwa, basi wateja wake wanapitiliza na kuingia kwangu wakidhani amehama. Nimeshapokea viatu vya watu mpaka nimechoka. Kuhusu simu ya Jumapili, usiudhike kwamba nilikata mapema. Simu inanifanya nipige kelele kama ninayefukuza kuku, mtaa mzima unapata habari zetu. Karatasi ina adabu.

Sasa la kazi. Humu kwenye kifurushi mna nguo zote za wanasesere wa yule mteja wako, daktari wa meno. Magauni ni ya mahameli nyekundu iliyokolea, makoti ni ya pamba nzito ya bluu, kama ulivyonielekeza. Vitambaa nimevifua kabla ya kukata, kama desturi yangu, mpaka maji yakatoka safi. Mikono ya makoti ndiyo iliyonitoa jasho. Mkono wa mwanasesere mwembamba kama kalamu, utaugeuzaje ndani nje? Nilitumia kijiti cha mishikaki. Mwanga wa kibandani hautoshi siku hizi, nimesogeza cherehani mpaka mlangoni, sasa wapita njia wananiona wote na kila mmoja ana ushauri.

Sikutegemea kwamba uzeeni nitapata mteja wa mbali, tena daktari. Nilimwambia fundi viatu, naye akauliza hao wanasesere kama wana miguu. Anaona nafasi. Mwambie daktari nasubiri neno lake, hata kama ni la kukosoa.

Ni mimi,
Baba yako


3 Machi

Baba, shikamoo.

Kifurushi kimefika salama, hata kamba haikulegea. Mimi mzima, ila mafua ya msimu hayajaniacha. Mama mwenye karakana naye mzima, anakusalimu. Aliposoma jina kwenye bahasha aliniuliza kwa nini baba yangu ananiita Kishikizo. Nilipomweleza kwamba utotoni nilimeza kishikizo cha koti la mteja, na kwamba ulimwambia mteja asubiri siku mbili, alicheka mpaka akaweka chini kichwa cha mwanasesere alichokuwa anakipandikiza nywele. Ndiyo kazi yetu, Baba. Rafu ya vichwa huku, rafu ya miguu kule, na kopo la macho ya kioo ambalo mgeni akilifungua anaruka.

Nguo zimemfurahisha daktari kupita kiasi. Alizipanga mezani moja moja, akafungua na kufunga vile vifungo vidogo, akasema, "Baba yako ana mikono ya namna gani?" Nikasema, mikubwa. Hakuamini.

Tumewavisha wote. Wanasesere wake ni wa ile plastiki laini ya zamani, ukiibonyeza inabonyea kama ngozi. Wa thamani kuliko wote ni mmoja anayemwita Mwali. Alipewa na marehemu mama yake akiwa mtoto. Amevaa gauni lako jekundu lenye mikunjo. Watakaa kwenye kabati letu la vioo mpaka mwezi wa sita, ndipo wapelekwe kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Nimekuwekea picha uone.

Jambo moja nimelicheka: makoti ya bluu umeyashona kwa uzi mweusi. Nikajua mzee ameamua kuleta mitindo. Na mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa ubaoni. Unanifundisha kusoma upya?

Mwanao


28 Machi

Kishikizo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Pole na mafua. Kunywa vitu vya moto na uache kulala dirisha wazi. Huku mvua imenyesha, paa la kibanda linavuja upande mmoja, nimeweka ndoo. Shangazi yako ameanza kuja mchana kunipikia. Sikumwita, kaja mwenyewe, na kila siku anahamisha vitu vyangu mahali vilipokuwa halafu nazozana naye. Mwambie nawe aache.

Habari za daktari zimeniondolea uchovu. Barua yako nilimpa shangazi yako asome kwa sauti, ili naye asikie sifa zangu, maana kwangu hazitoki kinywani mwake. Uzi mweusi, naam, ni mtindo. Makoti ya kizamani yalishonwa hivyo. Na mwandiko ni mkubwa kwa kuwa wino wa sasa hafifu.

Picha nimeiona. Wewe na wenzako mmependeza sana.

Nimeanza kushona nyingine bila kuagizwa. Wakipatikana wanasesere wengine, nguo ziko tayari. Ukinitumia vipimo, andika kwa kalamu nene. Kalamu yako nyembamba inanitia usingizi.

Baba yako


17 Mei

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi zimekuwa nyingi. Natumaini paa limezibwa na hamjagombana na shangazi. Huku hatujambo.

Nina maswali machache. Ile mahameli nyekundu uliinunua kwa nani? Je, ni yuleyule muuza vitambaa wa siku zote, au mwingine? Uliiloweka kwa muda gani? Ulitumia maji ya moto au ya baridi? Na pamba ya bluu nayo ulifua kwa maji ya peke yake, au pamoja?

Kwa sasa usishone nyingine kwanza. Daktari amesafiri, hatujui atarudi lini. Pumzika kidogo.

Msalimie shangazi.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Paa limezibwa. Shangazi yako mzima.

Mimi nimekaa kwenye cherehani tangu kabla mama yako hajakujua tumboni. Mtu akiniuliza nimefua kwa maji gani, sihitaji kuambiwa mara mbili. Nguo zimetoa rangi. Na daktari wa meno hajasafiri popote. Ungeniambia amesafiri wapi, maana wewe ukisimulia safari ya mtu huachi hata aina ya sanduku alilobeba.

Nimefua, nimesuuza, nimesuuza tena. Niliyaangalia maji kwenye beseni na yalikuwa safi. Mahameli ni ya yuleyule muuza vitambaa. Sijabadili kitu.

Niambie kilichotokea. Nimekuzaa, siogopi maneno yako. Naogopa hayo usiyoyaandika.

Baba yako


11 Juni

Baba, shikamoo.

Haya, nitasema.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita tulianza kuwaandaa kwa maonyesho. Nilimvua Mwali gauni ili nimfute vumbi. Mapaja yalikuwa mekundu, na kiuno, na kwapa zote mbili. Nilidhani kipande cha nguo kimebaki mwilini, nikajaribu kukivuta. Halafu nikawavua wengine. Waliovaa makoti walikuwa na bluu mabegani na shingoni, kama watu waliopigwa. Niliwalaza wote mezani. Mama mwenye karakana alikuja, akasimama nyuma yangu, akasema, "Funika kwanza, mteja yuko mlangoni."

Sabuni haikufua dafu. Ile plastiki inakunywa rangi, Baba. Doa haliko juu, limeingia ndani, na joto linalisukuma zaidi. Kabati letu linapigwa na jua la alasiri, na mimi niliwaacha wamevaa nguo nzito miezi yote ile bila hata kuwatia karatasi laini nyeupe kati ya kitambaa na mwili, au kuwavua wakati hawana kazi. Hilo ni langu, na mama mwenye karakana ameniambia hivyo mbele ya watu.

Tangu hapo sina kazi nyingine. Tunatumia dawa ya chunusi, ile nyeupe ya kupaka. Unaipaka juu ya doa tu, unafunika na nailoni isikauke, unamweka mwanasesere dirishani apate mwanga. Kesho yake unaifuta, unaangalia, unapaka upya. Uso huugusi, maana itakwenda na nyusi na midomo. Inatafuna doa polepole sana. Shida ni kwamba ukiizidisha inatafuna na rangi ya plastiki yenyewe. Paja la Mwali nilizidisha. Nilikuwa na haraka ya maonyesho, nikaiacha juani kupita kiasi. Sasa wekundu umetoka, lakini pamebaki baka jeupe kama la moto.

Daktari alikuja kumwona. Alimgeuza, akapitisha kidole pale peupe. Akasema, "Huyu nimelala naye homa zangu zote za utotoni, sikuwahi kumtia hata alama." Halafu akaniuliza, "Aliyeshona hakujua?" Mwali hakwenda kwenye maonyesho.

Nami nakuuliza hilohilo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitambaa kilichokolea hakikatwi kabla hakijafuliwa mpaka kiishe kutoa rangi. Nikiwa mdogo ulinisimamisha kwenye beseni mpaka vidole vikanyauka, kwa sababu maji yalikuwa na wekundu mdogo tu ambao mimi hata sikuuona. Kwa wateja wako wa pale ulikuwa makini hivyo. Kwa kazi niliyokuombea mimi, kwa jina langu, ulikuwa na haraka gani, Baba?

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako niliipata siku nyingi.

Mwambie daktari nimesikitika kutoka moyoni. Kitu cha marehemu mama wa mtu hakina mbadala, najua. Usinitetee kwake. Mwambie aliyeshona alikosea, basi.

Cherehani nimeifunika. Kibanda nimemwachia fundi viatu aweke stoo yake. Yeye alitaka kukataa, nikamwambia aache mambo ya kitoto.

Mabaki ya mahameli na ya pamba nimeyafunga humu. Huenda yakakufaa kujaribia dawa zako.

Baba yako


4 Agosti

Baba, shikamoo.

Sikuulizi habari za huko. Leo nianze na yangu, kisha utanisamehe utovu wa adabu.

Mabaki yamefika jana. Nilikuwa nataka kujaribu namna ya kuzuia, ili yasitokee tena: kufua upya, kisha kutia bitana nyeupe ndani. Nikachukua beseni letu la bati jeupe, nikatia maji ya baridi, nikakitosa kipande cha mahameli. Sikukisugua. Sikukitikisa hata. Nilikuwa bado natafuta sabuni rafuni, nilipogeuka maji yalikuwa mekundu kama dawa ya kikohozi.

Nilibadilisha maji. Mekundu. Nikabadilisha tena na tena, mama mwenye karakana akauliza kama nachinja. Hiki ni kitambaa ulichoandika kwamba umekifua mpaka maji yakatoka safi, na wewe hujawahi kunidanganya kuhusu kazi. Ulikifua. Uliyaangalia maji. Ukaona safi.

Nilikaa chini pale kwenye kigoda. Uzi mweusi kwenye makoti ya bluu, nikakucheka. Mwandiko. Cherehani mlangoni. Barua zangu anakusomea shangazi. Na ile picha, Baba. Uliniandikia, "Wewe na wenzako mmependeza." Mimi sikuwamo kwenye ile picha. Walikuwamo wanasesere peke yao. Nilidhani ni utani wako, nikautembeza kwa wenzangu kazini.

Nilimpigia shangazi.

"Shangazi, Baba anaona?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Aliniapisha," akasema. "Alisema nikikwambia, chakula changu hatakila tena."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana alianza kugonga kizingiti. Mwaka huu ananimiminia chai mezani. Anasema ni vikombe vya siku hizi."

Sikukasirika naye. Nitamkasirikia nani?

Tangu mwezi wa tano nilikuwa na doa lile mezani kwangu. Nililiangalia asubuhi, mchana na jioni, kwa kioo cha kukuzia. Nilijua limetoka kwenye kitambaa gani na limeingia kwa kina gani. Sikujiuliza hata mara moja limetoka wapi hasa. Nikakuandikia ulikuwa na haraka gani.

Sitaki unijibu barua hii. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nafika Ijumaa kwa basi la mchana. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa nakula chakula cha shangazi.

Mwanao


15 Septemba

Baba, shikamoo. Shangazi, nawe shikamoo, maana najua unaisoma wewe.

Nimefika salama. Nyumba nimeikuta na vumbi, na jirani alikuwa ameniulia maua kwa kuyasahau. Mafua yamerudi. Mama mwenye karakana amenipokea vizuri, hakuuliza sana. Alinitengea tu kiti cha dirishani.

Shangazi, soma taratibu hapa.

Kule hospitali ya macho nilikokupeleka, ulipoambiwa usome herufi za ukutani ukasema "E" kabla hata hujakaa, yule daktari wa macho alitabasamu. Akakuuliza na mstari wa pili. Ukasema, "Nao una E, hamna herufi nyingine?" Sote tukacheka. Mimi nilicheka nikiwa nashikilia mkoba wako kwa nguvu, kwa sababu ubao ulikuwa umeshazimwa. Alikuwa anakuonyesha ukuta mtupu.

Walipokutia dawa ya matone na kukulaza, aliniita kwenye korido ya nje. Tulipotoka nilikwambia amesema matone yatasaidia. Hilo ni kweli, ila nilikata mengine yote. Sitaki kukukatia tena, kwa hiyo nayaandika. Alisema kuna mtoto wa jicho, na huyo pekee angeondolewa kwa upasuaji bila taabu. Lakini nyuma yake kuna presha ya macho, nayo imekula mshipa. Kilicholiwa hakirudi. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kitundu cha katikati, na matone ni ya kukilinda hicho.

Nikamwuliza, "Ningemleta mapema?"

Akauliza, "Mapema lini?"

"Mwezi wa tano."

Alifikiri. Angeweza kunidanganya, nilikuwa nimemwachia nafasi. Akasema, "Mwezi wa tano kushoto kungekuwa na kitu cha kuokoa. Si kingi. Lakini kingekuwapo."

Ndivyo alivyosema.

Mwali amekwenda kwao juzi. Daktari wa meno alikuja kumchukua mwenyewe. Rangi imetoka yote, kwapa, kiuno, kila mahali, ila lile baka jeupe la paja halitaondoka. Wengine wametoka safi. Nilimweleza daktari habari zako, kwamba aliyeshona hakujua kwa sababu hakuona. Aliweka kisanduku chini. Akasema, "Na mimi nilikuuliza vile." Nikamwambia hata mimi niliuliza vile, tena kwa barua. Alimfungua Mwali kwenye karatasi yake, akachagua lile gauni lako jekundu, ambalo sasa nimelifua likaisha kutoa rangi na kulitia bitana nyeupe. Akamvisha palepale. Gauni linafunika baka. Hakusema kwamba amesamehe, wala sikumwomba. Aliondoka naye mkononi, hakumrudisha kwenye kisanduku.

Doa la plastiki nilililea majira mazima ya mwaka, Baba. Kila siku kuliangalia, kulifuta, kulipaka, kuliandika ni la rangi gani leo. Hakuna aliyenilazimisha. Macho yako yalikuwa yanakwenda wakati uleule, na mimi nilikutumia maswali ya maji ya moto na maji ya baridi. Kila nikishika ile dawa nalikumbuka hilo. Sijui nitalifanyaje. Sikuandikii ili uniondolee. Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kulisema nilipokuwa hapo, tumekaa barazani mchana kutwa unaniambia habari za fundi viatu.

Matone ni asubuhi na jioni, usiyaruke hata ukijisikia mzima. Naja tena mwisho wa mwaka, na safari hiyo nitakaa.

Mwanao


8 Oktoba

Mwanangu Kishikizo,

Marahaba. Mkono unaoandika ni wa shangazi yako, mdomo ni wangu. Ameniambia ataandika kila ninachosema isipokuwa nikimsema yeye. Kwa hiyo habari zake zitakuwa chache.

Tu wazima. Matone nayatia, yanawasha. Fundi viatu amerudisha kibanda bila kuombwa, anasema viatu vyake vinanuka mafuta ya cherehani. Huwa nakwenda asubuhi, nakaa. Watu wanaleta vitambaa niwaambie ni vya namna gani, nami navishika, nawaambia. Sishoni. Juzi mama mmoja kaniletea kitambaa cha pazia akidhani ni cha suti, nikamwokoa na aibu harusini. Siku inakwenda.

Sasa lako. Yale maneno ya daktari niliyajua. Nililazwa kwenye kitanda, lakini mlango mliuacha wazi, na macho ndiyo yaliyotiwa dawa, si masikio. Nilisikia ulipouliza mwezi wa tano. Nilisikia alivyojibu. Nikakungoja uniambie, ukaniambia matone yatasaidia, nikasema vizuri. Wewe ulidhani unanihifadhi, nami nikadhani nakuhifadhi wewe.

Nikwambie kwa nini nilificha. Mama yako alipougua uliacha masomo ukaja kukaa naye, na baada ya mazishi hukurudi tena shuleni. Hukuwahi kunilaumu kwa hilo, ila mimi nilijilaumu. Ile kazi ya wanasesere uliipata kwa jasho lako, na kila barua ilikuwa inanuka furaha. Nikasema, nikimwambia siioni sindano, kesho atashuka na masanduku yake. Basi nikajikaza. Nilikuwa naweka uzi kwenye sindano kwa ulimi na kwa bahati. Rangi nilikuwa namwuliza muuza vitambaa, na yale maji niliyaona safi kweli. Hapo sikudanganya. Ila nilipofua mara ya kwanza nilijiuliza, mbona mahameli hii haitoi rangi kabisa, ni ya ajabu. Nilitakiwa kumwita shangazi yako aje aangalie. Alikuwa jikoni, hatua chache tu. Sikumwita, kwa sababu angejua. Kwa hiyo lile doa tuligawane, usilichukue lote kama mali yako.

(Hapa shangazi yako ameweka kalamu chini, ametoka nje, amerudi. Anasema ni moshi.)

Kuhusu ile barua yako ya mwezi wa sita. Iliniuma, sikufichi. Nilimwambia shangazi yako airudie pale kwenye haraka, akakataa. Lakini mtu anayedhani baba yake anaona ana haki ya kuuliza vile. Niliyekunyima haki ya kuuliza vingine ni mimi.

Sikuondolei. Umesema usiondolewe, na mimi mwenyewe sina pa kuliweka la kwangu. Tutakuwa nayo tu, kila mtu na lake, tukae nayo barazani.

Neno moja la mwisho, mkono wa shangazi yako umechoka. Siku ile ulipoteremka kwenye basi nilikushika bega nikakwambia, gauni hili la bluu limekukaa. Ukasema asante, Baba. Wiki iliyopita tulikuwa tunakuzungumza, nikalitaja lile gauni, shangazi yako akasema, "Bluu gani? Mtoto alivaa kijani." Nimelifikiria sana. Ulisimama pale kituoni, ukanisikia nimekosea, ukasema asante.

Ukija mwisho wa mwaka, nikikosea rangi, nirekebishe hapohapo, hata mbele za watu. Usinistahi tena.

Ni mimi,
Baba yako